Fundo la Mkono wa Kushoto

Sijaitwa tena kuwa jaji, na sitarajii kuitwa. Naandika haya nikiwa dukani kwangu Korogwe, nasubiri rangi ya bango la kinyozi ikauke, na niseme mapema kabisa kwamba sijutii hata kidogo.

Shindano lilikuwa la sanaa ya kisasa, kwa wasanii wa Handeni na Korogwe. Majaji tulikuwa watatu. Mmoja alikuwa mhadhiri wa sanaa kutoka Dar es Salaam, mwanaume mpole, shati la kitenge, anayezungumza taratibu ili umwelewe hata kama hukuomba kueleweshwa. Wa pili alikuwa mama anayeuza picha kwa watalii Arusha. Wa tatu ni mimi, mchora mabango, binti wa mkata mkonge, ambaye cheti changu ni maandishi yaliyopo juu ya nusu ya milango ya mji huu. Mratibu wa shindano aliponipigia simu nilimuuliza kama hajakosea namba. Alisema hajakosea, wanataka na mtu wa hapa. Nikafunga duka, nikapanda basi la Handeni.

Ukumbini kazi zilitundikwa ukutani, kila moja na namba yake, bila jina. Kazi tatu za kwanza zingepelekwa Dar kwenye maonyesho. Zilizobaki zingerudi nyumbani na asante. Na kulikuwa na sheria moja ambayo mratibu aliisoma mara mbili: jaji akitambua mkono wa msanii aseme, na asiitolee alama kazi hiyo. Niliipenda sheria ile. Huku kwetu kila mtu ni shemeji wa mtu.

Kazi namba kumi na saba ilikuwa gunia kuukuu lililowambwa kwenye fremu ya miti, likashonewa mafundo ya kamba za mkonge, safu kwa safu, pengine mia moja na zaidi. Hakukuwa na rangi yoyote. Mhadhiri alishaipitia kabla yangu, na fomu zetu zilikuwa meza moja, nikaona alichoandika. Upande wa ufundi alitoa alama mbili kati ya kumi. Maelezo: mafundo hayafanani, mkono haujakomaa, ipelekwe kwenye kazi za mikono.

Ni kweli hayakufanana, hata mawili. Nikasogea nione kwa nini.

Kwenye shamba nilikozaliwa, wakata mkonge walifunga majani mafungumafungu na kuyapanga pembeni mwa njia, nyapara apite ahesabu. Sasa jani la mkonge ni jani la mkonge, halina sura ya mtu. Watu walikuja pale kutoka kila pembe ya nchi, hawakujuana, na fungu la mmoja liliweza kabisa kuhamia kwa mwingine mwenye nguo zilezile na jasho lilelile. Kwa hiyo kila mkataji alikuwa na fundo lake. Huyu alizungusha mara mbili, yule alificha ncha ndani, mwingine aliacha mkia mrefu. Nyapara alimjua mtu kwa fundo kabla hajamjua kwa sura. Baba yangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na fundo lake lilipinda kwenda upande ambao la mwingine yeyote halikupinda. Tulipompelekea uji hatukuuliza mtu yuko wapi; tulifuata mafundo mpaka tunamkuta.

Na pale kwenye gunia fundo lake lilikuwepo, safu ya tatu, la nne kutoka ukingoni.

Nililigusa, ingawa jaji haruhusiwi kugusa. Baba alikufa miaka mingi iliyopita, hakuacha picha wala karatasi yenye mwandiko wake, kwa sababu hakujua kuandika. Machozi yalinitoka mbele ya wenzangu na sikuona haya. Nikawaeleza yote: kwamba haya si mafundo ya mtu mmoja aliyeshindwa kufunga sawasawa, ni mafundo ya watu zaidi ya mia, na aliyeyashona ameweza kuifunga mikono yote hiyo kwa mkono wake mmoja. Kama huo si ufundi, nikawaambia, basi mimi sijui ufundi ni nini.

Mhadhiri alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akavua miwani.

"Basi mama, umeitambua. Sheria inakutaka ukae pembeni."

Mama wa Arusha akatikisa kichwa kukubali, kwa upole wa mtu anayekuonea huruma. Huruma yake iliniudhi kuliko maneno ya mhadhiri.

"Nimemtambua baba yangu," nikamwambia. "Aliyeshona gunia hili simjui."

Mhadhiri alisema ni yaleyale, kwamba moyo wangu umeshaingia humo. Hapo nikakasirika kwelikweli. Nikamkumbusha kwamba asubuhi ileile alitoa alama tisa kwa mchoro mmoja na kutueleza kwa dakika nyingi jinsi unavyofuata namna ya uchoraji anayoifundisha yeye mwenyewe darasani. Hakuna aliyemwambia akae pembeni. Yeye kujua kwake ni utaalamu. Mimi kujua kwangu ni ugonjwa wa kutibiwa kwa kuwekwa nje. Walinitoa Korogwe kwa sababu mimi ni wa hapa, na siku mambo ya hapa yalipotokea ukutani wakanitaka nigeuke mgeni. Sikupandisha sauti. Nilivuta kiti, nikakaa katikati ya meza, nikaanza kujaza fomu.

Niliipa tisa. Sikuipa kumi, maana safu ya mwisho chini ilishonwa kwa haraka na uzi ulianza kuachia, na jaji ni jaji hata akiwa analia.

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya saini. Nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto, ambao siutumii, nikalichora fundo la baba. Lilitoka limepinda vibaya, lakini lilipindia upande wake.

Mratibu alikuja kukusanya fomu, mwanamke wa makamo asiyependa vurugu. Aliiangalia ile nafasi muda mrefu.

"Hii ni saini?"

"Ya baba yangu. Hakuwa na nyingine."

Akasema anahitaji na ya kwangu pia. Nikaandika jina langu chini yake, kwa herufi zilezile ninazoandikia maduka, zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mhadhiri akadai alama zangu zifutwe. Mratibu akaifungua tena sheria, akaisoma kwa mara ya tatu siku ile, akasema inazungumzia mkono wa msanii. Wazazi wa majaji haijawataja. Pingamizi la mhadhiri likaandikwa pembeni na alama zangu zikabaki. Kazi namba kumi na saba ikawa ya tatu. Ya tatu inakwenda Dar.

Namba za washindi ziliposomwa, akasimama mwanamke wa kama miaka thelathini, wa familia ya wafugaji wa zile nyanda kavu za Handeni, shanga masikioni. Hana ukoo wowote na mkonge. Baadaye alinifuata nje, akanipa shikamoo, akaniambia kwamba huwa anauza maziwa Makuyuni, hii ya kwetu Korogwe, na kwa miaka miwili alikuwa akimwomba kila mzee aliyewahi kukata mkonge amfungie fundo lake, naye ajifunze. Alikuwa amesikia mabishano yetu dirishani. Alitaka kujua ni fundo lipi lililoniliza, na nilipomwonyesha kwenye picha ya simu yake akacheka.

"Hilo lilinitesa, mama. Mzee aliyenionyesha alisema si lake, ni la rafiki yake aliyekwisha kufa. Akasema nisipotumia mkono wa kushoto silipati."

Alilifumua mara nyingi, alisema, kabla halijakubali. Mzee alimtaja rafiki yake kwa jina, lakini yeye alilisahau. Kwake alikuwa yule wa kushoto tu. Nikamwambia jina la baba. Alilirudia mara mbili ili lisimpotee tena.

Ndipo nikamuuliza jina la kwake.