Vioo vidogo vya baiskeli yangu ya umeme, na mtu ambaye havikunionyesha

Wakuu, salaam. Nawaandikia kutoka Butembo. Nitakayosema yametokea kweli. Sina kipaji cha kutunga, waulizeni wanafunzi wangu ambao husinzia hata nikiwaeleza mambo ya kweli.

Kiswahili cha kuandika nilikipata darasani, cha kuongea nilikipata sokoni. Kwa hiyo mkisikia watu wa kisa hiki wanaongea tofauti na ninavyoandika, msishangae. Ndivyo tulivyo.

Kuna mwenzetu aliuliza hapa jukwaani afunge vioo gani vya kuangalia nyuma kwenye baiskeli yake ya umeme. Akajibiwa kwa vichekesho.

Mimi nina jibu. Ni refu kidogo, na baba yangu yumo.

Nina miaka hamsini na kitu, nafundisha chuo. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya umeme iliyopita mpaka wa Kasindi ikiwa kwenye boksi. Kazini niliwaambia ni kwa ajili ya kulinda mazingira. Ukweli ni kwamba pikipiki naziogopa, na baiskeli ya kawaida hainifikishi juu ya vilima vya Butembo nikiwa bado na heshima.

Ilikuja na taa, kengele, kiti cha abiria nyuma, na kitabu cha maelezo kwa Kichina. Vioo haikuwa navyo.

Baba yangu, Mzee Paluku, ana miaka themanini na kadhaa, tunaishi naye. Alianza kuendesha lori miaka ile ya uhuru, akaendelea nalo katika maasi yaliyofuata. Samaki wa Kyavinyonge, kahawa ya Oicha, yote yalipita mikononi mwake.

Aliizunguka baiskeli mara mbili, fimbo nyuma ya mgongo.

"Retro iko wapi?"

Retro ndiyo vioo hivyo, kwa lugha yetu ya huku.

"Nitanunua, Papa."

"Ununue kubwa. Mukono murefu, kioo pana. Hapana ile ya kujiangalia sura."

Nikacheka. Mtu aliyesoma akiambiwa jambo rahisi na mzazi wake, hucheka kwanza halafu huenda kufanya utafiti.

Nilifanya utafiti wiki mbili, wakuu. Nilijua tofauti ya kioo bapa na kioo kilichotuna, kwamba kilichotuna kinaonyesha eneo pana lakini vitu vinaonekana vidogo na vya mbali. Niliangalia video za Wazungu wenye kofia za plastiki wakipita kwenye barabara ambazo hazijawahi kuona tope.

Mwishowe nikachagua vile vidogo vya mviringo, vinavyochomekwa kwenye ncha za usukani. Vyeusi, vizuri, kama vifungo vya koti. Vilipendeza kwenye picha.

Fundi wangu ni Saidi. Familia yao ni Waislamu wa Beni, wafanyabiashara na wasafirishaji tangu zamani. Babu yake, Mzee Ramazani, alikuwa konvwayeri wa baba yangu enzi za lori. Konvwayeri ndiye anayepanda nyuma na mzigo. Kwenye mlima anaruka chini na kigogo cha mbao, anakiweka nyuma ya tairi lori lisirudi. Dereva anamfuata kwenye retro: mkono ukipanda, dereva anajua cha kufanya.

Baba alikuwa akituambia tangu utotoni kwamba watu wa lori hawaitani kwa sauti. Injini inakula maneno. Gari ikishaondoka haiitwi. Unainua mkono au kofia, unasubiri dereva akuone.

Kumbukeni hilo.

Saidi alivigeuza vioo vyangu mkononi.

"Prof, hii iko retro ao iko ya kunyolea ndevu?"

"Ni za kisasa."

"Ndiyo, naona. Lakini zitakaa chini sana. Utaona kiwiko ya mukono yako, basi. Niache nikufungie ya pikipiki, ya mukono murefu. Naweka kipande ya chambre à air, ile mupira ya ndani ya tairi, hapa chini ya ile chuma, haitatikisika."

"Funga hizo."

"Nafunga, Prof. Wewe njo ulisoma." Njo ya huku ni ndiye yenu.

Akakata mpira wa mishikio, akachomeka, akakaza. Kisha akataka tupime. Kwao kipimo ni hiki: wewe unakaa juu ya kiti, mtu anasimama hatua kumi nyuma. Ukimwona kichwa mpaka kiuno bila kugeuza shingo, kazi imekwisha. Nikamwambia nitarekebisha njiani.

Nilipofika nyumbani baba naye akajitolea. "Ngoja nisimame kwenye mulango, unipime."

"Kesho, Papa."

Nilimwambia hivyo siku tatu mfululizo.

Siku ileile ya kufunga vioo, Saidi alinipa salamu. "Babu yangu iko hapa kwangu. Alikuya kutoka Beni, docteur alimupasua jicho. Anauliza kama Muzee Paluku angali anaishi. Mumusalimie sana. Samedi, kabla ya saa sita, anarudia Beni."

Nikamfikishia baba, pamoja na hiyo Jumamosi. Alikuwa akimenya ndizi, akaendelea kumenya.

Niseme wazi hapa. Wazee hawa wawili walifanya kazi pamoja ujana wao, kisha wakaacha kuonana karibu miaka sitini. Mmoja Butembo, mwingine Beni, miji ambayo njia ikiwa nzuri unatoka mmoja asubuhi na kula mchana katika mwingine. Sababu tuliyokuwa tunaijua ni hii.

Wakati wa maasi walikuwa wanatoka Oicha na kahawa. Kwenye mlima Ramazani akashuka na kigogo chake. Risasi zikalia kutoka msituni. Baba akaondoa lori akidhani mwenzake amesharuka juu ya mzigo. Retro ilikuwa imevunjwa na tawi asubuhi ile, hakuona kitu. Ramazani alitembea msituni siku sita, akijificha, mpaka Beni. Alifika hai. Hawakufanya kazi pamoja tena.

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi hivi kwamba sikujiuliza lolote juu yake. Tawi, retro, bahati mbaya.

Jumamosi asubuhi kioo cha kushoto kilikuwa kimelegea. Kilining'inia kinatazama ardhi. Nikaamua kumpelekea Saidi akikaze. Nikatoka getini na koti langu la kufundishia, ingawa siku hiyo sikuwa na mtu wa kumfundisha.

Kioo cha kushoto kilinionyesha mawe. Cha kulia kilinionyesha kiwiko changu.

Najua mtauliza: shingo je? Huna shingo? Ninayo. Ila nilikuwa napita mbele ya nyumba za jirani, na nilikuwa nafikiria ninavyoonekana.

Nilipofika kwa Saidi, taksi ya Beni ilikuwa tayari imesimama mlangoni. Mzee Ramazani amekaa mbele, kanzu nyeupe, jicho moja limefunikwa bandeji. Alinishika mkono muda mrefu.

"Mutoto ya Paluku."

"Ndiyo, Papa. Pole na jicho."

"Umekuya peke yako?"

"Peke yangu."

Hakuniangalia mimi. Jicho lake zima lilipita juu ya bega langu, likaenda mpaka mwisho wa barabara, likakaa huko kidogo. Dereva akapiga honi. Mzee akasema, "Bon. Umusalimie." Wakaondoka.

Saidi akakaza kioo changu. Tukacheka juu ya kitu fulani ambacho sikikumbuki.

Nyumbani nilimkuta baba ameketi uani. Amevaa suti yake ya misa, viatu vimepakwa rangi, kofia iko juu ya goti.

"Papa, ulikuwa unaenda wapi?"

"Hapana pahali."

Mke wangu Masika ndiye aliyenieleza, na alinieleza kama anayepiga nguo kwenye jiwe. Baba alikuwa amevaa tangu saa kumi na mbili. Alikuwa ndani anatafuta kofia nilipotoka. Alifika getini nikiwa sijafika hata kwa jirani wa pili, akainua kofia juu. Akaendelea kuishika juu mpaka nikapotea kwenye kona.

"Nikamwambia, Papa, muite! Baiskeli yake haina kelele, atasikia. Akasema gari ikishaondoka haiitwi. Nikakupigia simu mwenyewe. Kwani simu ulinunua ya nini?"

Simu ilikuwa mfukoni, nimeizima sauti. Watu makini hawaongei na simu wakiwa barabarani.

Baiskeli ile, wakuu, haina sauti kabisa. Angekohoa tu ningesikia.

Nikamwambia baba nitampeleka Beni wiki ijayo kwa gari. Wiki hiyo njia ikaharibika, si kwa mvua, kwa yale mambo ya huku mnayoyasikia kwenye taarifa. Magari yakaacha kupita. Iliyofuata, vilevile. Wiki ya tatu Saidi akanipigia. Babu yake amefariki, kitandani kwake, uzee tu. Na mnajua Waislamu hawamlazi marehemu. Nilipokuwa napata habari, kaburi lilikuwa limeshafunikwa.

Nilimwambia baba mchana uleule. Akaongea huku anatazama magurudumu ya baiskeli yangu.

"Retro ilikuwa muzima."

Sikuelewa haraka.

"Ile siku. Hakuna tawi ilivunja kitu. Nilimuona. Alikuwa anakimbia nyuma yangu na kigogo mukononi. Hata hakuitupa, kwa sababu iko kigogo ya lori. Ningesimama, angepanda. Sikusimama."

Nikauliza swali la kijinga, swali la msomi. "Na retro uliyotuambia ilivunjika?"

"Nilivunja mwenyewe, kabla ya kufika kwa patron, mwenye lori. Na jiwe."

Kisha akasema: "Samedi ile nilitaka nimuambie. Niliisha kuvaa."

Nikaisukuma baiskeli mpaka nje ya geti.

Nikaenda kwa Saidi kutoa pole. Tukakaa kwenye karakana kati ya matairi. Nilihisi deni la kusema, nikasema yote: kwamba baba alimwona babu yake, na kwamba Jumamosi ile alikuwa amevaa.

Saidi hakushtuka hata kidogo.

"Prof, kwetu tunajua zamani. Babu alitwambia. Alisema lori ilipunguza mwendo. Kidogo tu, alafu ikaenda. Alisema: Paluku aliniona, na mutu mwenye kupunguza mwendo na risasi ziko zinalia, ule iko ndugu yangu. Ile maneno njo alitaka kumuambia. Kwa sababu ya ile aliuliza kama umekuya peke yako."

Nilirudi nyumbani mbio. Mara ya kwanza niliiendesha ile baiskeli bila kujali ninavyoonekana. Nilikuwa nimebeba kitu, mnaelewa? Miaka sitini baba amejihukumu, na mimi nina msamaha wake mkononi, kutoka kinywani mwa marehemu mwenyewe.

Nikamweleza neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alisema nilipunguza mwendo?"

"Ndiyo, Papa. Aliona."

Akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Kulikuwa shimo," akasema.

Akaingia ndani.

Mpaka leo sijui. Huenda kweli ni shimo lililompunguzia mwendo, barabara zetu hazijawahi kukosa. Huenda hataki kupokea kwa mkono wangu kitu alichopaswa kupewa na mwenyewe. Wangekaa pale kwenye taksi dakika kumi, mmoja angesema ndugu, mwingine angesema shimo, wangegombana vizuri kama watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Dakika hizo niliziacha nyuma getini, nikitazama kiwiko cha koti langu kwenye kioo.

Basi, mkuu uliyeuliza, jibu lako hili hapa.

Nunua vikubwa, vya mkono mrefu. Baiskeli nyingi za umeme usukani wake hauna matundu ya kufungia retro kama pikipiki, kwa hiyo tafuta vyenye kibanio, na chini ya kibanio weka kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Kisipokuwepo, kioo kitatikisika na kila mtu nyuma yako atakuwa ukungu. Ukikaa juu ya kiti usione kiwiko chako. Vioo vidogo vya kwenye ncha vinapendeza. Ninavyo hapa viwili, anayevitaka aseme, namtumia bure.

Na upime. Usiseme kesho. Mtu akikwambia ngoja nisimame nyuma yako, mwache asimame.

Mimi sasa Saidi amenifungia vile vya pikipiki. Kila asubuhi baba anatoka, anahesabu hatua kumi, anasimama getini na kofia yake. Namwona kichwa mpaka kiuno, hata vifungo vya shati. Anainua kofia. Nasimama, nageuka, namuuliza kama anataka nimpeleke mahali.

Anasema hapana, alikuwa anapima tu.

Wenye baba zao, au wenye ujuzi wa vibanio visivyolegea, uwanja ni wenu. Nitasoma yote, hata matusi.