Trela Iliyoziba Jiko

Karakana nzima walimwita Mama Beringi, kwa kuwa miaka na miaka kazi yake ilikuwa kukereza vyuma. Mumewe alipofariki kwa maradhi ya moyo, alipokea pole za watu, kisha akarudi kwenye mashine yake. Hakulia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuja, basi.

Kilichomkera ni boti. Marehemu aliinunua kuukuu, akaiegesha uani juu ya trela iliyoota kutu, mbele ya dirisha la jikoni, akiahidi kuitengeneza kila alipokumbushwa. Siku ya mazishi, jeneza lilipita kwa ubavu, wabebaji wameinama chini ya pua ya boti. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikubali kuichukua, ila magurudumu yalikuwa yameganda, na spea za trela kama ile hazipatikani tena.

"Nitazichonga," alisema Mama Beringi, kama mtu anayesema ataleta chumvi.

Akaanza na habu, vile vitovu vya kati vya magurudumu. Za zamani zilikuwa zimelika mpaka beringi zimelala upande na kukwama ndani. Rola za kupokelea boti nazo zilikuwa zimekwisha upande mmoja, na wa kumuuliza umbo lake la awali hayupo. Akakisia, akakereza mpya.

Wifi yake akamfuata karakanani.

"Wifi, watu wanasema una roho ngumu."

"Waache waseme. Nishikie taa."

"Mimi namlilia kaka yangu kila siku, wewe unachonga vyuma!"

"Inua kidogo. Usinimulike machoni."

Wifi akashika taa kwa mikono miwili huku kamasi zikimtoka. Mama Beringi akamfuta kwa kitambaa kilichokuwa karibu, cha grisi, akamwachia masharubu meusi. Wifi alipojiona kwenye kioo cha ukutani, alicheka mpaka akakaa chini. Mama Beringi naye alicheka. Alijisikia akicheka, kama anamsikia mtu wa chumba cha pili.

Siku ya kuondoa boti, shemeji alifunga trela nyuma ya pikapu, akaivuta taratibu. Ikatoka getini bila hata kulia. Majirani wakapiga makofi. Mama Beringi aliifuata kwa miguu mpaka kona ya barabara, akasimamisha gari, akagusa habu moja moja kwa kiganja.

"Vipi, shemeji?" mdogo wa marehemu aliuliza kutoka dirishani.

"Hazijapata joto, hazisuguani. Nenda tu."

Aliporudi, jua lilikuwa limeingia jikoni mpaka kwenye sinki. Ukuta wa jiko ulikuwa umeshika masizi, na yeye muda wote alidhani ndiyo rangi yake. Akalowesha kitambaa, akaanza kusugua. Alisubiri kidogo aone kama kuna kitu kitamjia. Hakikuja.

"Wifi, chakula kinapoa," aliitwa kutoka uani.

"Nakuja," alisema, akaendelea kusugua.