Dereva wa Gisenyi anayeogopa barabara isiyo na watu

Saa kumi na mbili asubuhi, Hakimu Sibomana amelala chini ya nyumba. Nyumba yenyewe ina magurudumu sita, jiko la gesi na mapazia ya maua, na imeegeshwa nyuma ya gereji mjini Gisenyi. Kinachoonekana ni miguu yake tu.

"Hakimu, bibi akikufukuza sasa unalala mu kazi," fundi Kagabo anamtania.

Hakimu hacheki. Leo, katikati ya mwaka huu wa 1999, anaanza safari ya kuivuka Uganda na kuingia Kenya, kisha kukatisha jangwa la kaskazini hadi Marsabit, mlima wenye msitu na hifadhi ya tembo uliosimama peke yake katika nchi kame.

Mwenye gari ni Mzee Gaston, Mbelgiji aliyekuwa daktari wa mifugo Bukavu enzi za ujana wake. Macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kushika usukani. Anataka kuwaona tembo hao kabla ukungu haujafunga kabisa.

Walipoelewana, mzee alitamka neno "désert", jangwa kwa Kifaransa. Hapa Gisenyi, tangu vita vya juzi, neno hilo ni la vilima ambavyo watu wamevikimbia. Hakimu akauliza watu wa huko walikimbia mwaka gani.

"Hakuna mutu alikimbia," Gaston akamjibu. "Hakukuwa mutu."

Jibu hilo ndilo linalomnyima usingizi. Mwaka jana alikuwa akipakia abiria kwenda Ruhengeri. Asubuhi moja alifika mahali wanawake huuza viazi, akakuta patupu.

"Hakuna mama, hakuna mbuzi, hata mutoto wa kupungia mukono," anasimulia huku akijifuta grisi. "Nikageuza. Abiria wakanitukana njia yote. Mama mumoja akasema mi ni muoga, nirudishe leseni."

Gari lililomfuata liliendelea mbele. Halikufika.

Tangu siku hiyo Hakimu, mwenye miaka arobaini na sita, huangalia watu kwanza, barabara baadaye. Barabara ya Ruhengeri hajaigusa tena. Amekuwa akibeba saruji na bia humu humu mjini.

"Sasa huko jangwani siku mbili hakuna mutu. Nitaangalia nini?"

Mke wake, Mukamurenzi, anayeuza vitenge Petite Barrière, kivuko cha mpakani, ameleta chupa ya chai.

"Baba Ishimwe," anasema, "roho ikikuambia geuka, geuka. Hata muzungu alie."

"Roho yangu itasema geuka kila saa, Mama Ishimwe. Nitasikia ipi?"

Mukamurenzi anamfunga kifungo cha juu cha shati, kana kwamba anampeleka shule.

Ndipo Hakimu anapomwendea Gaston, ambaye ameshakaa kiti cha mbele na kofia yake.

"Muzee, siku nitasema tugeuze, tunageuza. Hata mulima ukiwa unaonekana. Bila maneno."

Gaston anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Na kama umekosea?"

"Tutakuwa tumekosea na tuko wazima."

"Bon," anasema mzee, na kumpa ufunguo.

Injini inawaka, lakini gari haliondoki. Ili kufika Uganda lazima wapite barabara ile ile ya Ruhengeri, na Hakimu hataki kuwa wa kwanza kuipita leo. Anangoja wanawake wa viazi watangulie.

"Nikifika Marsabit na kurudi, nitaomba kazi ya kupeleka wageni kwa volkano zetu hapa," anasema, macho yakiwa barabarani. "Ni karibu. Mama Ishimwe atanipikia, nitarudi nikute chakula iko moto."

Mwanamke mmoja anajitokeza kwenye kona, kapu la viazi kichwani, akishika njia ya Ruhengeri. Nyuma yake, wa pili. Hakimu anaingiza gia.