Pampu Zikizimwa

Watoto wa kaka yake walimwita Shangazi Baridi, wala si kwa sababu ya roho yake. Aliwahi kuwaambia kwamba kazini kwake kuna kitu cha baridi kuliko friji zote za mtaani zikiwekwa pamoja, na tangu siku hiyo jina likamganda. Wifi yake, yaani mke wa kaka, alipenda kumchokoza mbele ya wageni: "Huyu mnayemwona analipwa kumimina hewa kutoka chupa hii kwenda chupa ile."

Hakuwa mbali sana na ukweli. Shangazi Baridi alikuwa mjazaji wa heliamu kwenye maabara ya chuo. Heliamu ni ile gesi inayoinua maputo ya watoto; ikipozwa kupita kiasi inageuka kimiminika chepesi, kisicho na rangi kabisa, hata jicho hulazimika kukitafuta. Alivaa glavu nene na kinga ya uso, akaunganisha bomba kutoka kwenye tangi hadi kwenye chombo kirefu cha kioo chenye kuta mbili, kisha akakijaza taratibu huku moshi wa baridi ukimlamba viatu. Ukiharakisha, yote huchemka na kutoroka. Alizoea mwendo huo mpaka kaka yake akalalamika kwamba siku hizi hata chai anaimimina kama dawa ya macho.

Nyuma ya ukuta wa maabara kulikuwa na pampu. Zilivuta mvuke ili kimiminika kizidi kupoa, na zilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Aliyezitunza alikuwa mwanamume mrefu, mgane, mwenye mafuta ya mashine kwenye mistari ya viganja, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mazungumzo yao yalikuwa ya kupigiana kelele mlangoni.

"Dada, umekula?"

"Eeh, imefunguka!"

"Nimeuliza umekula?"

"Nimeshaifungua, we vuta tu!"

Basi Fundi huvuta mvuke wake, na chakula hukisahau.

Mambo yalibadilika Profesa alipoanza utafiti mpya. Profesa alikuwa mama mwembamba aliyetafuta miwani kila saa ilhali iko kichwani. Aliwaita wote wawili kwenye sinki, akajaza maji, akachomoa kizibo. Maji yakazunguka yakishuka kwenye tundu.

"Hiki ni kisulisuli," akasema. "Maji huweza kuzunguka vyovyote yapendavyo, kwa nguvu au kwa uvivu. Heliamu yetu ikipoa vya kutosha haina ruhusa hiyo. Ukizungusha chombo polepole, yenyewe imelala tu, haigeuki. Ongeza mwendo, kinazaliwa kisulisuli kimoja, chembamba kuliko uzi wa buibui. Ongeza tena, kinazaliwa cha pili, nguvu ileile. Hakuna kikubwa, hakuna kidogo. Nusu haipo."

"Kama watoto," akasema Shangazi Baridi. "Huwezi kuzaa nusu."

"Kama watoto. Ila hawa hawalii."

Tatizo lilikuwa pampu. Mtikisiko wake uliharibu kila kitu, kwa hiyo wakati wa kutazama zilipaswa kuzimwa kwa muda mfupi, kabla chombo hakijaanza kupata joto. Mapazia yalifungwa, taa zikazimwa, na wote wakakaa sakafuni bila kujongea. Fundi naye, kwa kuwa hakuwa na pampu ya kuangalia, aliingia akaketi kando ya Shangazi Baridi, magoti yake marefu yakimfika kidevuni.

Ile mara ya kwanza Shangazi Baridi hakuisahau kamwe. Heliamu ilikuwa ikichemka, mapovu yakipanda kama sufuria iliyosahauliwa jikoni; halafu, ghafla, mapovu yakakoma. Kimiminika kikatulia tuli, angavu, kana kwamba chombo ni kitupu. Profesa akainua mkono, Fundi akazima pampu kwa swichi iliyokuwa ukutani hapo ndani, na ukimya ukashuka juu yao kama shuka safi. Shangazi Baridi akasikia masikio yake yenyewe. Akasikia Fundi anavyopumua, na akashangaa kwamba mtu huyu ana pumzi laini namna ile.

Profesa alikuwa ameingiza gesi kidogo ya hidrojeni, ikaganda kuwa vumbi. Mwanga wa leza, mwembamba kama karatasi, ukapita ndani ya kioo, na kwenye skrini chembe za vumbi zikaanza kujipanga. Chombo kilikuwa kikizungushwa; zilishikamana na visulisuli, zile nyuzi zisizoonekana, zikasimama wima katika mistari, kijani kibichi, kama mvua iliyosahau kuanguka. Kisha Profesa akapitisha wavu mdogo ndani ya kimiminika, nyuzi zikavurugika, zikawa fundo kubwa linalojikunjakunja. Uzi mmoja ukausogelea mwingine. Ukagusa. Zote mbili zikakatika, zikabadilishana ncha, zikarushwa mbali zikitetemeka. Tena pale, tena kule, na kila nyuzi zilipogusana fundo likazidi kupungua, hadi zikabaki chache zikielea.

Siku hiyo Shangazi Baridi alirudi kwa miguu nyumbani kwa kaka yake, bila kuihisi miguu. Barabarani moshi wa magari ulijiviringa, naye akasimama kuutazama mpaka mtu akampigia honi. Nguo kwenye kamba za majirani zilipepea polepole mno, kana kwamba jioni nzima ilikuwa imezamishwa ndani ya kitu kisicho na uzito.

"Unaumwa?" wifi akamuuliza.

"Sijui. Naona sijaamka."

Wakatazama hivyo mara nyingi, na kila mara Fundi aliketi palepale. Mpaka siku moja, nyuzi zikiwa katikati ya kufumuka, akanong'ona, "Dada."

"Shh."

"Dada, nataka nikuoe."

Hakugeuza macho. "Dada yako unamuoaje?"

"Basi nikuite nani?"

Sauti ya Profesa ikatoka gizani: "Malizaneni haraka, chombo kinapata joto. Nawasha pampu."

Na akaziwasha. Shangazi Baridi akamsogelea Fundi sikioni, akapiga kelele jibu lake. Fundi akamtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akatoka.

Wikendi ilifika, wifi akafua mapazia, kaka akavaa shati la mikono mirefu. Hakutokea mtu. Iliyofuata, vilevile.

"Bwana harusi wako amegandishwa?" wifi akauliza, lakini alipoona uso wa mwenzake akaacha utani, akaenda kumpikia uji.

Juma lile heliamu ilichelewa kuletwa, kwa hiyo pampu zote zilikuwa kimya. Shangazi Baridi akauzunguka ukuta. Fundi alikuwa amefungua pampu moja, vipande vyake vimepangwa juu ya gazeti.

"Mbona hukuja?"

Fundi akaweka spana chini. "Wapi tena? Si uliniambia niende zangu?"

"Mimi?"

"'Nenda zako.' Nilisikia kwa masikio haya."

"Nilisema nenda kwa kaka!"

Fundi akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo, naye Shangazi Baridi akacheka, akajipangusa macho kwa kiganja, na kicheko chao kikasikika hadi ofisi za juu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kukifunika.

Fundi alikwenda kwa kaka, akapokewa vizuri, wakaoana bila makeke. Profesa aliwapa mapumziko. Walikuwa wamepanga kusafiri kwenda kumwona dada mkubwa wa Fundi, lakini asubuhi ya safari, katika chumba chao kipya chenye rangi ya ukutani ambayo haijakauka vizuri, usingizi uliwashika wote wawili na haukuwaachia. Mchana wifi alikuja na sufuria ya wali. Akabisha hodi, akasikiliza, akasikia mikoromo miwili, akabisha tena kidogo. Mwishowe akaiweka sufuria kizingitini, akaifunika vizuri kwa kitambaa, akaondoka akinyata.