Nilipaka Rangi Juu ya Ukungu, Bibi wa Watu Akaitwa Mchawi

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Naandika huku nimefunga mlango kwa komeo mchana kweupe, kwa woga.

Nyumba yangu iko Chapwa, hapa Tunduma. Ni ya zamani, aliijenga marehemu mume wangu, msingi mfupi. Masika yakishika, maji yanapanda ukutani. Chumba cha nyuma ndicho kibaya zaidi. Ukungu mweusi ulitambaa kutoka sakafuni hadi usawa wa kitanda. Mimi mwenyewe nilikihama kwa sababu ya kifua!

Halafu nikafanya nini? Sikubandua plasta, sikuchimba hata mtaro. Nikapaka rangi ya krimu juu ya ukungu uleule, nikampangisha binti mmoja, Mama Eliza, mwenye mtoto mchanga. Mumewe ni dereva wa lori, muda mwingi yuko Zambia.

Kitanda wakakiegemeza kwenye ukuta ule. Niliona. Nikanyamaza.

Mvua zilipoanza, mama mkwe wake akaja kutoka Hasamba kumsaidia kulea. Siku zilezile mtoto akaanza kukohoa. Kikohozi cha kubana, akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Mungu wangu!

Mama Eliza akanifuata jikoni. "Mama, nina neno. Tangu huyu bibi aje, mtoto hapumui vizuri. Majirani wanasema kuna mkono wa mtu."

Nilijua ni ukuta! Lakini nikajibu, "Mh, mwanangu, ya watu siyajui." Moyoni nikasema, heri wamshuku yeye kuliko mimi.

Maneno yakasambaa mtaa mzima. Siku mtoto alipozidiwa, mama yake akambeba mbio hospitali. Nyuma yake vijana wakajaa uani na mawe. Bibi akasimama mlangoni, kanga imemdondoka.

"Mama mwenye nyumba, waambie! Mimi nimemfanya nini mjukuu wangu?"

Nikarudi nyuma hatua moja. Jiwe la kwanza likagonga bati. La pili likampata usoni, akaanguka.

Hapo ndipo nikapiga kelele! Nikaingia ndani, nikavuta kitanda, nikakwangua rangi kwa panga. Plasta ikadondoka, nyeusi, inanuka. "Ni ukuta! Ni mimi! Mwacheni!"

Wakatawanyika.

Hospitali daktari alimwuliza Mama Eliza mtoto analala wapi, akamwambia asimrudishe chumba kile. Eliza amepona, wamehama. Bibi amepoteza jicho, na la pili lilikuwa limefifia tangu zamani. Nilipokwenda Hasamba kumwomba msamaha, alinikaribisha, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa nini ulisubiri jiwe la pili?"

Na kuna hili sijamwambia mtu. Aliyerusha jiwe nilimwona. Hupita hapa kila siku. "Shikamoo, mama!" Naitika, kisha narudi ndani kufunga komeo. Polisi nilipoulizwa, nilisema sikuona. Naogopa, jamani! Namwogopa yeye, naogopa siku baba Eliza atakaporudi.

Wewe mwenye nyumba unayesoma hapa, ukuta ukitoa ukungu, usiufiche. Mwambie mpangaji wako kabla hajaingiza kitanda. Na ukisikia mtu anasingiziwa nawe ukweli unaujua, useme palepale, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilichelewa kidogo tu, na bibi yule sasa anashikwa mkono kwenda shambani kwake.