Taa Iliyozimwa kwa Kipande cha Redio

Nimeona mengi katika vita vya kwetu bila kuona kinyaa. Nimelala zizini na mbuzi, nimekula mihogo mibichi, nimeendesha gari lenye damu ya mtu nisiyemjua kwenye kiti. Lakini hadi leo nikinusa esansi, petroli ya kwetu, iliyochanganywa na mafuta ya taa, mate yananijaa mdomoni na lazima niteme. Mwenye bunduki angalau anakuonyesha bunduki yake. Hawa wauza esansi walikuonyesha chupa safi, huku wanacheka na wewe.

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la nne. Lakini kutoka Kalundu mpaka Kamanyola, muulize mtu yeyote wa umri wangu ni nani aliyekuwa anafungua injini kwa kuigusa tu, bila kuangalia. Atakuonyesha nyumba yangu, ile ya bati la buluu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema hivi si kwa kujisifu, ni kwa sababu ni kweli.

Vita vilipofunga njia ya Bujumbura, esansi nzuri ilipotea Uvira. Ikabaki ile ya mezani, kando ya barabara, kila muuzaji na mchanganyo wake. Magari yakaanza kuumwa, na taa za onyo zikaanza kuwaka. Sasa abiria wa barabara ya Sange walikuwa wamejifunza jambo moja: gari likikufia katikati ya uwanda, utalala na watu wenye silaha. Kwa hiyo mama wa soko, kabla hajapandisha gunia lake la mchele, anaingiza kichwa dirishani kwa dereva, anakagua taa za mbele ya usukani. Akiona ile ndogo ya manjano yenye picha ya injini, anasonya. "Hii yako iko mugonjwa," anasema, anapanda nyingine.

Basi madereva wakaacha kumwambia fundi atengeneze gari. Wakamwambia: zima taa. Ndivyo kazi ilivyoitwa Uvira mzima, na mafundi waliishi kwayo. Watu waliogopa kufiwa na gari njiani, kwa hiyo wakalipia kukizima kitu pekee ambacho kingewaambia kwamba linakufa. Kinyaa gani kingine unataka?

Bingwa wa kazi hiyo alikuwa mwenzangu mmoja tuliyejifunza naye ufundi garaji moja, tukila sahani moja. Alikuwa na garaji yake karibu na mto Mulongwe. Mume alizima taa ndani, na mke wake barazani aliuza chupa za esansi iliyoziwasha.

Alfajiri moja watu waliotoka juu na magodoro kichwani walileta habari kwamba wapiganaji wanateremka milimani kuelekea Lubarika. Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, alikuwa Lubarika. Mama alikufa nikiwa natambaa. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni akilima, yeye ndiye aliyenipa mguu wa kuku siku za sikukuu akajidai anapenda shingo. Tangu ugonjwa ulipomwangusha shambani, upande wake wa kushoto ulikuwa umelala. Kutembea hawezi. Wenye pikipiki walimkataa kwa sababu hana mkono wa kujishikilia. Kama mimi sifiki, anabaki, na waliobaki tulijua wanachofanyiwa.

Gari langu kubwa lilikuwa limechukuliwa na wenye bunduki kwenye kizuizi. Lilibaki dogo, la Kijapani, usukani kulia, ambalo dereva niliyemwajiri ndiye aliyekuwa akilitembeza. Nikalichukua kulijaribu kwenye mpando wa Kasenga kabla ya kwenda. Taa hakuna, nguvu ipo, linapanda kama mbuzi. Lakini nilipokanyaga, nikasikia: kang'a-kang'a-kang'a, kama kokoto ndani ya kopo. Nikalizima palepale. Dereva wangu, ubavuni, akasema eti ni sauti ya kawaida, amezoea. Angezoea na nyoka kitandani huyo.

Nieleze, maana wengi wanaendesha bila kujua wamekalia nini. Esansi nzuri inangoja cheche ndipo iwake. Esansi chafu haingoji. Inalipuka yenyewe pistoni ikiwa bado inapanda, inaipiga utosini. Huko ndiko kugonga unakokusikia. Ukiendelea, pistoni inatoboka. Waliotengeneza magari haya waliliona hilo, wakafunga kwenye mwili wa injini sikio dogo, kaptere, lina jiwe ndani yake. Injini ikigonga, jiwe linatikisika na kutoa umeme kidogo sana. Kompyuta ya gari inausikia, inachelewesha cheche, na kugonga kunakoma. Gari linapungua nguvu, lakini linaishi. Sikio likifa, kompyuta inakuwashia taa.

Nikafuata waya wa kaptere kwa vidole mpaka chini ya mabomba ya hewa. Kwanza nilikutana na kiota cha panya, matambara na vitoto viwili vilivyokaukia mafutani, harufu yake nisikwambie. Nyuma yake, kaptere lenyewe: limepasuka, lina ukijani, na waya wake umekatwa. Kwenye ncha ya waya mtu alikuwa amelehemu kipande kidogo cha redio mbovu, akakivika mpira wa tairi la ndani. Nikaelewa mara moja, kwa sababu darasani nilifanya hivyohivyo. Mwalimu akiita jina la mwenzio mtoro, wewe unabana sauti: "Présent!" Kompyuta inauliza, kaptere uko? Kipande cha redio kinajibu, niko. Kusikia, hakisikii chochote.

Nikaenda nacho mpaka Mulongwe, nikamwekea mwenzangu mbele ya sahani yake ya ugali.

"Hii ni kazi yako?"

Akakigeuza. "Safi eh? Kazi ya mukono."

"Gari yangu iko najiua na weye unasema safi?"

"Patroni, kuya hapa." Alifuta midomo. "Shofere yako alisema zima taa. Nilizima. Iko nawaka?"

"Haiwaki."

"Basi unalia nini? Hata yangu nilifanya vile. Muntu anataka gari itembee, hapana ihubiri."

"Na ile maji ya mavi bibi yako anauzisha hapo inje?"

Mke wake akajibu kutoka barazani, hata hakugeuka. "Baba, mbona gari yako inakunywaka hiyohiyo? Nenda basi Bujumbura ulete ya kwako."

Watu wakacheka. Nikatema mate mlangoni kwake, nikaondoka.

Sikio lingine nililipata kwenye gari la aina ileile lililopigwa risasi, limelala uani kwa jirani yangu muuza vitenge. "Chukua," aliniambia, "milango ndiyo iliyokufa." Nikalifungua, nikaligonga taratibu na mpini wa bisibisi huku waya zake ziko kwenye mita ya umeme. Kila nikigonga, mita inaruka. Linasikia.

Kwenye gari langu nikatoa kichwa cha betri. Pale linapokaa nikapasugua mpaka chuma kikang'aa, maana likikalia uchafu au rangi linasikia kwa mbali, kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikalikaza kwa spana fupi na kiganja, si kwa bega. Wale wa Mulongwe wanalibana kwa bomba mpaka jiwe linapasuka, halafu wanasema vipuri siku hizi vibovu. Mimi mkono wangu unajua. Nikaunga waya, nikafunga yote, nikaondoka kabla jua halijawa kali.

Hapo ndipo nilipofundishwa adabu na gari langu mwenyewe. Tangini ilikuwa ileile esansi ya mezani, na sasa sikio lilikuwa zima. Nikikanyaga, linagonga mara moja, kisha linanywea. Nikikanyaga tena, linanywea tena. Baiskeli za mihogo zilinisindikiza. Nilimfikiria yaya mlangoni kwake, nikaupiga usukani ngumi. Kabla ya Sange nikasikia honi nyuma. Mwenzangu wa Mulongwe, gari lake linapiga kelele kama kiwanda cha mabati, anakwenda Luvungi kumchukua mama mkwe wake. Akatoa kichwa dirishani.

"Patroni! Hubiri yako iko muzuri! Tutakuachia kiti kwenye kilio!"

Akaniachia vumbi na harufu ya mafuta ya taa. Nikafunga kioo, nikaendelea kutambaa.

Nilimkuta yaya ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, kilemba kimefungwa vizuri, bakora mapajani. Kijiji kilikuwa kimya. Hata kuku hawakuwepo.

"Mutoto wa mama," alisema, "nilisikia gari tangu mbali. Nikasema hii inakuya polepole, hii ni ya kwetu."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi kama mtumba wa nguo. Nyuma ya kilima bunduki zilikuwa zimeanza, moja moja.

Tukiwa tumekwishaipita Luvungi, tukirudi, tukaona moshi mweupe. Gari la mwenzangu limekaa katikati ya barabara, oili imemwagika chini yake nyeusi kama damu ya ng'ombe. Pistoni imetoboka. Yeye amesimama pembeni, na mama mkwe wake, mwanamke mzima anayeheshimika, amekaa chini kwenye vumbi mbele ya mkwe wake, kanga usoni kwa aibu. Wote walioweza kuwapakia walikuwa wamewapita.

Alinipungia mkono. Mimi nilikanyaga. Nasema ukweli, nilikanyaga, na gari likanywea kama kawaida yake.

Yaya akagonga dashibodi kwa bakora. "Simama."

"Yaya, huyu ndiye aliyeua gari yangu."

"Simama. Yule mama ana kosa gani?"

Nikasimama. Mama mkwe akaketi nyuma, na mkwe wake, kwa sababu desturi haimruhusu kukaa ubavuni kwake, akaingia kule kwenye buti, akajikunja juu ya tairi la akiba. Tukaenda vilevile, kwa mwendo wa ng'ombe, bunduki nyuma yetu. Mahali fulani karibu na Sange akasema kutoka humo, "Patroni, hauwezi kukanyaga kidogo?"

Yaya akamjibu kabla yangu: "Weye lala. Mbio yako tuliiona."

Jua lilikuwa halijazama nyuma ya milima tulipomteremsha yaya uani kwangu. Alikula ugali wote.

Na yule mwenzangu? Siku chache tu, garaji iko wazi. Akawa anawasimulia wateja kwamba injini yake ilipigwa risasi, wapiganaji walimlenga yeye, na wakatikisa vichwa kwa huruma. Chupa ziko mezani, mke anacheka na watu. Nilipita siku moja nikaona foleni ya magari mbele ya mlango wake, na dereva wa kwanza anasema kwa sauti, bila haya, zima taa.

Nilifunga kioo, mate yakanijaa mdomoni. Yaya alikuwa ubavuni kwangu, akaniambia niteme inje, si ndani ya gari.