Jina Ambalo Mashine Haikulipigia Kelele

Wakuu, siku hizi watu wanaiogopa kompyuta eti inajua mambo mengi. Wankyo aliiogopa mapema, mwaka tisini na nne, pale Musoma mjini, siku ilipomwonyesha kwamba mumewe anakufa.

Usicheke kwanza.

Wankyo alikuwa mpiga chapa. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, bosi wake aliweka taipureta kando akaleta kompyuta, na ndani yake kulikuwa na programu ya kukagua maandishi. Ikikuta neno isilolijua, inasimama na kupiga "piii". Kiswahili ilijua kidogo tu, kile alichokiingiza fundi Pastory wa Bunda. Majina yetu ndiyo kabisa. Gati, piii. Masatu, piii.

Kulikuwa na kitufe cha kuifundisha neno ili isirudie kelele. Wankyo alikuwa anakibonyeza, lakini kesho yake mashine imeshasahau yote.

Asubuhi moja Pastory akaja na disketi ya toleo jipya. Akahangaika nayo weee, mwisho akasema, "Shemeji, nimeirekebisha. Sasa haitakusumbua." Akatoka kwenda kunywa chai.

Wankyo akaanza kuchapa barua ya ukoo mmoja wa Butiama, wateja wake wa siku zote. Mashine ikampigia kelele Kija. Ikampigia kelele Burito. Ilipofika kwa marehemu Renatus, ikapita kimya.

Marehemu Dafroza, kimya.

Marehemu Makongoro, kimya.

Akaipitisha barua upya tangu juu. Walio hai wote, piii. Waliokufa, kimya.

Akajipima mwenyewe. Wankyo: piii. Akashusha pumzi. Binti yake, Nyamburi: piii. Akamshukuru Mungu.

Likabaki la mumewe. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka jina hilo. Kwao mke hamwiti mume jina. Ni Baba Nyamburi, basi, hata wakigombana. Akaliandika herufi moja moja, anaangalia mlangoni kama mwizi. Matiko.

Kimya.

Akalifuta, akaliandika tena. Kimya.

Na asubuhi hiyohiyo Baba Nyamburi alikuwa anavuka ziwa. Kiwandani alikokuwa akifanya kazi walishampunguza, kwa hiyo alikuwa anafuata dagaa upande wa Majita kwa mtumbwi wa injini, na upepo ulikuwa umeanza tangu alfajiri.

Wankyo hakufunga hata mlango. Alikimbia mpaka Mwigobero, kwenye mwalo inakopakia mitumbwi, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mtumbwi umeshasukumwa, watu wamekaa juu ya magunia. Akaita, "Baba Nyamburi!" Injini ikaimeza sauti. Akaita tena, hakuna aliyegeuka.

Hofu ikamshinda. Akafumba macho.

"Matiko! Matiko, shuka!"

Mwalo mzima ulinyamaza, mpaka wachuuzi wa sato. Huko kwetu mke akimwita mumewe jina mbele za watu, jua kuna msiba. Nahodha mwenyewe alizima injini.

Mwanamume akaruka, maji yakamfika kiunoni, akaja mbio ufukweni. "Nani amekufa?"

"Wewe," Wankyo akasema, akaangua kilio.

Wakuu, huyo mwanamume ni mimi.

Nilijipapasa kifua kabisa. Akanieleza huku analia, na sitadanganya, niliogopa kuliko yeye. Tukarudi ofisini, suruali inachuruzika, tukamkuta Pastory amesharudi. Alisikiliza yote bila kucheka.

"Shemeji, zamani ilikuwa inayatunza maneno unayoifundisha, ila inashindwa kuyasoma. Leo, kwa toleo hili jipya, ndiyo imeyasoma yote, ndiyo maana inayapita kimya. Ulikuwa unaifundisha majina gani?"

"Ya matangazo ya misiba," Wankyo akasema. "Wafiwa wanakuwaga wamekaa hapo mbele yangu. Mashine ikilipigia kelele jina la marehemu wao, wanashtuka. Naona haya, nabonyeza. Ya wazima nilikuwa naachaga tu ipige."

"Na la mumeo?"

"Mimi silitajagi."

"Haijui usichoifundisha, shemeji."

Wankyo akaigeukia mashine. Halafu akaongea bila kunitazama.

"Siku ya kwanza niliachwa hapa peke yangu nijizoeze. Nikaambiwa niandike neno lolote. Nikaandika lile nisiloruhusiwa kulitamka. Ikapiga kelele, bosi naye anaingia. Nikabonyeza haraka inyamaze, nikalifuta. Nikajua limeisha."

Pastory akainama, akaanza kufunga mkoba wake.

Mtumbwi ule ulifika salama. Dagaa wakanunuliwa na wengine, sisi wiki ile tukala ugali kwa mlenda. Sijawahi kujuta.

Ninachowaambia ni kidogo. Watu wetu wengi majina yao yaliingia kwenye mashine ile wakiwa wameshaenda, hawasikii tena. Kama una mtu wako, usisubiri tangazo la msiba ndipo umwite jina.

Jioni ile Wankyo alirudi kuniita Baba Nyamburi. Sikubisha. Jina langu nilikuwa nimeshalisikia.